Modeli ya jicho imekataa: soma miale inatua wapi kabla hujagusa retina

Mwanafunzi anapoleta modeli ya jicho iliyokataa kutoa picha, swali langu la kwanza huwa hilo hilo: umesogeza retina, ule uso wa mwisho unaopokea picha? Mara nyingi amesogeza. Picha ilikuwa na ukungu, akaivuta retina nyuma kidogo, ukungu ukaisha, akahifadhi faili na kufunga kompyuta. Kesho yake anaweka lenzi ya miwani mbele ya modeli, au anapanua mboni, na majibu yanayotoka hayafanani na jicho la mtu yeyote. Kosa halikuondoka, lilifunikwa tu.

Retina ya modeli ni shahidi. Ukimhamisha shahidi huwezi tena kumuuliza alichoona. Ndiyo maana mwongozo huu una sharti moja linaloongoza mengine yote: retina ibaki mahali pake hadi ujue, kwa milimita, miale inatua wapi. Makosa ya kawaida yana mahali pake pa kutua, na ukishapapima unakuwa umebakiza kazi ndogo.

Wanaonifuata na matatizo haya huku Kaskazini ni wa aina mbili. Wapo wanaofuatilia miale kwa kompyuta, kama wanafunzi wa optometria hapa Moshi au wahandisi wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Na wapo walimu wa fizikia wa sekondari, wenye flaski ya duara, tochi na darasa la watoto hamsini. Nitaanza na wa kompyuta, kwa sababu makosa yao hujificha zaidi.

Kwanza, jicho la kulinganishia

Huwezi kutafuta kosa bila kuwa na jicho unalolijua vizuri. Wengi hukimbilia modeli ya Allvar Gullstrand, daktari wa macho wa Sweden aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1911. Ni modeli ya heshima: nyuso sita, nguvu ya jumla dayopta 58.64 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga). Lakini lenzi yake ina ganda na kiini, na anayeanza hujikwaa hapo. Mimi hupendelea kuanza na jicho la Yves Le Grand, ambalo lina nyuso nne tu na lenzi ya namba moja ya kupinda mwanga (nitaiita n). Vipimo vyote ni milimita:

Konea (kioo cha mbele cha jicho), uso wa mbele: nusu kipenyo 7.8, unene 0.55, n ya konea 1.3771.
Konea, uso wa nyuma: nusu kipenyo 6.5, umbali hadi lenzi 3.05, n ya maji ya mbele 1.3374.
Lenzi, uso wa mbele: nusu kipenyo 10.2, unene 4.0, n ya lenzi 1.42.
Lenzi, uso wa nyuma: nusu kipenyo -6.0, umbali hadi retina 16.6, n ya ute wa nyuma 1.336.

Urefu wa jumla ni 24.2. Konea peke yake ina dayopta 42.4, lenzi 21.8, na jicho zima karibu 60. Hizo tatu hazijumlishwi moja kwa moja kwa sababu konea na lenzi zina nafasi kati yake. Ukijumlisha ukapata 64 usishtuke.

Iingize modeli hii kama ilivyo, kitu kinachotazamwa kiwe mbali kabisa, mboni ndogo ya milimita 1 ili miale ibaki karibu na mhimili. Miale ikitua 24.2 kutoka mbele ya konea, programu yako na mikono yako viko sawa. Isipotua hapo, endelea kusoma.

Dalili: miale inatua mbali sana na retina

Hapa ndipo watu hupoteza muda bure, kwa kuwa makosa makubwa ndiyo rahisi kuyabaini. Namba ninazotoa ni za jicho la Le Grand hilo hilo. Kwa modeli nyingine zitasogea kidogo, mpangilio wake hautabadilika.

Ikiwa miale inakutana milimita 7.3 tu nyuma ya lenzi, yaani zaidi ya milimita 9 kabla ya retina, umeacha hewa mahali pa ute wa nyuma. Programu nyingi huhesabu sehemu isiyojazwa kuwa ni hewa. Uso wa nyuma wa lenzi unaopaswa kuwa na dayopta 14 unapata 70, na mwanga unapindwa kupita kiasi. Jaza 1.336 kisha rudia.

Ikiwa konea yako inatawanya mwanga badala ya kuukusanya, hewa iko mbele ya lenzi. Bila maji ya mbele, uso wa nyuma wa konea hufuta kazi yote ya uso wa mbele na kuzidisha, na konea nzima inabaki na nguvu hasi, karibu -8.5. Kosa hili halihitaji hata kuangalia retina. Chora miale, utaiona ikipanuka.

Ikiwa miale inatua karibu milimita 9 nyuma ya retina, angalia alama ya uso wa nyuma wa lenzi. Umeandika 6.0 badala ya -6.0. Kanuni inayotumiwa na programu karibu zote ni kwamba kitovu cha mpindo kikiwa upande wa kulia wa uso, nusu kipenyo ni chanya, kikiwa kushoto ni hasi. Uso wa nyuma wa lenzi umebinukia kulia, kitovu chake kiko kushoto.

Ikiwa ni milimita 7.2 nyuma ya retina, lenzi haipo. Imechorwa kwenye skrini, lakini n yake imerithi ya maji yaliyoitangulia, kwa hiyo haipindi chochote. Jicho lako ni la mtu aliyetolewa lenzi ya mtoto wa jicho bila kuwekewa nyingine. Tofauti kati ya 7.2 na 9 inaonekana ndogo ukiwa na haraka, ndiyo maana nasisitiza upime badala ya kukadiria kwa macho.

Ikiwa miale inatua milimita 1.6 mbele ya retina, jumlisha urefu wa jicho kabla ya kitu kingine. Ukipata 27.25 badala ya 24.2, umeweka uso wa mboni kama uso wa ziada na kuupa umbali wa 3.05 kwa mara ya pili. Uso wa mboni unakaa pale pale lenzi inapoanzia, na umbali kutoka kwake hadi lenzi ni sifuri.

Na ukichukua namba za Gullstrand, kumbuka alitoa safu mbili: jicho lililotulia, na jicho linalotazama karibu kabisa, ambalo nguvu yake inapanda hadi 70.57. Ukichanganya safu hizo utapata jicho lisilo la mtu anayesoma wala anayetazama mbali. Ukiingiza yote ya safu ya pili na bado unatazama mlima, miale itatua zaidi ya milimita 3 mbele ya retina, na modeli haitakuwa na kosa lolote. Umeiagiza itazame karibu, ndivyo inavyofanya.

Dalili: kosa ni la milimita 1 au 2

Hili ndilo linalowashawishi watu kusogeza retina, kwa sababu milimita 1 inaonekana ni kitu kidogo. Ndani ya jicho si kidogo hata kidogo. Dayopta 1 ni sawa na milimita 0.37 za urefu, kwa hiyo milimita 1 ni karibu dayopta 2.7. Mtu mwenye kosa hilo haoni namba ya basi hadi limfikie.

Milimita 2 kamili, mbele au nyuma, chanzo ni konea, na kwa kawaida kimetokana na kipimo cha kliniki. Mashine inayopima mpindo wa konea hutoa nguvu kwa kutumia n ya kubuni, 1.3375. Namba hiyo haipo mahali popote ndani ya jicho. Iliwekwa ili uso wa mbele peke yake ubebe hesabu ya nyuso zote mbili. Nusu kipenyo cha 7.8 kwa n hiyo kinatoa dayopta 43.27. Ukiichukua 43.27 ukaifanya uso wa mbele, kisha ukaweka na uso wa nyuma wa dayopta -6, umetoa kitu kilichokwisha kutolewa, na miale inatua milimita 2 nyuma ya retina. Ukifanya kinyume, yaani ukatumia n halisi ya konea kwa uso wa mbele (dayopta 48 na kitu) halafu ukasahau uso wa nyuma, inatua milimita 2 mbele. Tiba ni moja: kwenye modeli ya nyuso mbili chukua nusu kipenyo kutoka kwenye mashine na uache dayopta zake kwenye karatasi.

Milimita 0.9 nyuma: lenzi imewekewa 1.406. Hiyo ni n ya kiini cha lenzi ya Gullstrand, na ni namba halisi, ndiyo maana inadanganya. Lenzi ya binadamu haina n moja. Inapanda taratibu kutoka ganda kwenda kiini, na kupanda huko kwenyewe kunapinda mwanga. Unapoamua kuifanya lenzi iwe ya n moja, lazima uiweke juu kuliko n yoyote iliyomo ndani ya lenzi halisi ili kufidia mpindo uliopotea; 1.42 imetokana na hapo. Ukiweka 1.406 lenzi yako inashuka kutoka dayopta 21.8 hadi 18.2. Mwanafunzi makini hunibishia hapa kwamba 1.42 haijawahi kupimwa ndani ya jicho. Ni kweli, na ndiyo sababu modeli ya Hwey-Lan Liou na Noel Brennan ya mwaka 1997 iliacha njia hiyo, ikaipa lenzi n inayobadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Lakini kama programu yako haijui kufuatilia mwale ndani ya kitu cha namna hiyo, kaa na 1.42 bila aibu.

Milimita 0.4 nyuma: kitu unachotazama hakiko mbali, umekiweka mita 1. Miale inakuja ikiwa imetawanyika kwa dayopta 1.

Sasa, kuna wakati retina inasogezwa kihalali. Ukitaka kutengeneza jicho lisiloona mbali kwa sababu limerefuka, unalirefusha: jicho linalohitaji miwani ya -3.00 litakuwa na urefu wa karibu 25.3. Masharti ni kwamba jicho la kawaida lilikuwa limeshatoa 24.2 bila kuguswa, na urefu mpya uandikwe kwenye jina la faili. Nimeona faili tano za mtu mmoja zinazoitwa "jicho mpya", kila moja na urefu wake, na hakuna anayekumbuka ipi ni ya nini.

Dalili: katikati pazuri, ukipanua mboni picha inavurugika

Kwanza tarajia hivyo. Nyuso za Le Grand ni vipande vya tufe, na tufe hupinda zaidi miale ya pembeni kuliko ya katikati. Mboni ya milimita 2 haionyeshi tofauti, ya 6 inaionyesha wazi. Jicho la mtu nalo lina kasoro hiyo, ila ndogo kuliko ya modeli ya tufe, kwa sababu konea hulegea mpindo kadiri unavyoenda pembeni. Modeli ya Rafael Navarro na wenzake ya mwaka 1985 ilichukua umbo hilo: ilibakiza vipimo vingi vya Le Grand, ikaipa konea nusu kipenyo cha 7.72 na namba ya umbo, Q, ya -0.26, lenzi mbele Q ya -3.1316, lenzi nyuma -1.

Tatizo linaanza ukishahamia kwenye Navarro na picha ikawa mbaya zaidi ya ile ya tufe. Sababu ninayokutana nayo zaidi ni kuchanganya namba za umbo. Vitabu vingine havitoi Q, vinatoa p, ambayo ni Q ukiongeza 1. Kwa konea hii p ni 0.74. Ukiandika 0.74 mahali pa Q, konea inakazana pembeni badala ya kulegea, na kasoro ya tufe inaongezeka juu ya ile uliyotaka kuiondoa. Vingine hutumia mraba wa eksentrisiti ya duaradufu (kipimo cha ilivyoachana na duara), ambao ni Q iliyogeuzwa alama, yaani 0.26 chanya. Kwa hiyo mbele ya kila namba ya umbo uliza: tufe kamili hapa ni sifuri au ni moja? Ikiwa ni moja, hiyo ni p. Ikiwa ni sifuri, bado hakikisha alama, kwa kuwa Q ya konea ya kawaida lazima iwe hasi.

Jaribio dogo la kuthibitisha: toa lenzi, ujaze n ya konea ya Navarro, 1.376, nyuma ya uso wa mbele moja kwa moja, kisha weka Q ya -0.53. Kwa kitu kilicho mbali, miale yote ya mhimili, ya katikati na ya pembeni, inapaswa kukutana mahali pamoja, kwa kuwa duaradufu yenye Q ya hasi moja kugawanya kwa mraba wa n haina kasoro ya tufe kabisa. Isipokutana, programu yako inasoma sehemu hiyo kwa namna nyingine na umeshaigundua.

Sababu ya pili ni mboni yenyewe. Ile unayoiona kwenye kioo asubuhi si tundu la irisi (duara lenye rangi) kama lilivyo. Ni picha ya tundu hilo iliyokuzwa na konea, kama mara 1.13. Mboni uliyoipima kwa rula kuwa milimita 4.5 ni tundu la milimita 4. Ukiandika 4.5 kama ukubwa wa tundu, unaingiza miale ya pembeni ambayo mtu uliyempima haruhusu ipite. Programu kama OpticStudio huuliza kipi unachotoa, tundu lenyewe au mboni inavyoonekana kwa nje. Ukiandika mwenyewe kwa Python, hakuna atakayekuuliza.

Dalili: katikati pazuri, pembeni ukungu

Retina yako ni bapa. Programu huanza na uso bapa mwishoni kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya kamera. Weka nusu kipenyo cha -12. Kwa milimita 5.5 kutoka katikati, ambako ni kama digrii 20 za kutazama pembeni, retina halisi imeshakuja mbele milimita 1.3 kuliko bapa. Hizo ni zaidi ya dayopta 3 za ukungu wa bure. Ukungu utakaobaki baada ya hapo ni wa kweli, watu wote tunao pembeni, na hatuusikii kwa kuwa retina ya pembeni nayo haina uwezo wa kuona vitu vidogo.

Dalili: namba za ajabu zisizo na mpangilio

Urefu wa wimbi. Programu nyingi hutaka mikromita: 0.555, si 555. Ukiwa unatumia n zilizoandikwa moja kwa moja huwezi kuona kosa hadi uombe ukungu wa difraksheni (mwanga kutawanyika unapopita kwenye tundu), ndipo doa linakuwa kubwa kuliko jicho. Rekebisha, songa mbele.

Kwa wenye flaski

Flaski ya duara yenye kipenyo cha sentimita 10, maji, na lenzi mbele yake. Ni modeli nzuri kuliko nyingi za plastiki zinazouzwa, kwa sharti kwamba mtu afanye hesabu moja kabla. Maji yenye n ya 1.333 ndani ya tufe la nusu kipenyo cha sentimita 5 yana nguvu ya dayopta 6.67 tu, na mwanga wa mbali unakwenda kukutana sentimita 20 nyuma ya uso wa mbele, wakati ukuta wa nyuma uko kwenye 10. Kwa hiyo flaski peke yake ni jicho lisiloona karibu kupindukia. Ili picha itue ukutani unahitaji 13.33, yaani lenzi ya nje yenye nguvu ile ile ya flaski, 6.67. Mwenye seti ya lenzi za majaribio aweke +6.75. Asiye nayo achukue lenzi mbili za miwani ya kusomea, +3.25 na +3.50, zile za mitumba pale soko la Memorial au kwa machinga wa stendi. Nguvu huwa imeandikwa kwenye mkono wa miwani. Bandika karatasi nyembamba inayopitisha mwanga nyuma ya flaski, hiyo ndiyo retina.

Picha haionekani kabisa. Umeitumbukiza lenzi ndani ya maji. Inavutia kufanya hivyo, kwa kuwa lenzi ya jicho iko ndani. Lakini lenzi ya miwani ina n ya karibu 1.5, na nguvu yake iliandikwa ikiwa hewani. Ndani ya maji inabaki na theluthi moja: lenzi ya +20 inakuwa kama +6.7. Ukitaka lenzi ya ndani, tafuta yenye nguvu mara tatu ya unayoihitaji.

Picha iko nyuma ya karatasi. Kabla ya kulaumu lenzi, pima umbali wa mshumaa. Ukiwa mita 1, picha inarudi nyuma milimita 8. Ukiwa mita 6, milimita 1.3, ambayo karatasi inavumilia. Hapa Moshi tuna bahati ya kitu cha mbali kisicho na gharama. Elekeza modeli dirishani Kibo ikiwa wazi asubuhi, theluji ikiwa inang'aa, na hutakuwa na ubishi wa umbali. Saa nne mara nyingi mawingu yameshafunga. Watu wa Arusha wana Meru. Usitarajie picha kubwa: flaski hii inatoa milimita 1.3 kwa kila digrii.

Picha iko mbele ya karatasi kwa milimita chache. Lenzi haijagusa flaski. Pengo la sentimita 1 linaongeza karibu nusu dayopta, na picha inasogea mbele milimita 3.5. Hapa unaweza kusogeza lenzi, ni halali, mradi uandike pengo.

Mstari wa wima unaonekana mkali, wa ulalo una ukungu. Hiyo ni astigmatizimu, ambayo Thomas Young aliieleza kutokana na jicho lake mwenyewe mwaka 1801. Izungushe lenzi kwenye mhimili wake bila kugusa flaski. Ukungu ukizunguka nayo, lenzi ndiyo yenye kosa: miwani ya mtumba huenda ilikuwa na silinda, yaani nguvu ya ziada upande mmoja. Ukibaki pale pale, zungusha flaski. Ukungu ukifuata flaski, kioo chake si duara sawasawa, jambo la kawaida karibu na shingo, kwa hiyo geuza shingo itazame juu na utumie ubavu. Usipofuata chochote, lenzi imesimama kwa kuinama.

Kingo za picha zina upinde wa rangi na ukungu mpana. Mboni yako ni kubwa. Kata tundu la milimita 10 kwenye boksi jeusi, libandike kati ya lenzi na flaski. Picha itafifia lakini itakaza.

Miale haionekani ndani ya maji. Ongeza maziwa, tone moja. Mwalimu mmoja wa Arusha alimimina kijiko kizima, darasa likaona tufe jeupe. Si hasara, kwani unaweza kuwaeleza mtoto wa jicho anavyofanya mwanga utawanyike. Vijipovu ukutani vinatokana na hewa iliyo ndani ya maji ya bomba: chemsha, acha yapoe, mimina taratibu. Na nimewahi kuulizwa kama fluoridi ya maji ya Arusha, ile inayotia meno rangi, inabadilisha n. Haibadilishi kwa kiasi chochote utakachopima kwa flaski.

Picha iko kichwa chini. Haihitaji fundi. Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba picha ya retina imepinduka, na ya flaski yako inapinduka kwa sababu hiyo hiyo.

Anayetumia leza nyekundu kutafuta fokasi, kisha akawasha tochi nyeupe na kuona picha imepungua ukali kidogo, huenda hajakosea kupima. Kati ya nyekundu ya nanomita 650 na kijani cha 555 jicho lina tofauti ya kama dayopta 0.4, na maji yanafanana sana na jicho kwa hilo. Kwa flaski, ambayo nguvu yake ni ndogo, hiyo ni chini ya milimita 1. Tafuta fokasi kwa mwanga utakaoutumia. Na leza isielekezwe kwenye uso wa mtu, hata kwa mzaha, hata ile ndogo ya kuchezea paka.

Dalili: modeli inaona vizuri kuliko mtu

Hakuna anayekuja na lalamiko hili, lakini mimi hulitafuta. Doa la miale limekuwa nukta ya mikromita 1, mwanafunzi anafurahi. Kwa mboni ya milimita 2 difraksheni peke yake inatoa doa lenye nusu kipenyo cha mikromita 5.6, kwa hiyo nukta hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Seli za koni, zinazopokea mwanga katikati ya retina, ziko kama mikromita 2 hadi 2.5 kutoka moja hadi nyingine, na picha nyembamba kuliko hapo haina wa kuipokea.

Washa difraksheni. Kisha ongeza rangi: kutoka nanomita 400 hadi 700 jicho lina tofauti ya dayopta 2 hivi, na modeli ya rangi moja inaificha yote. Mwisho vunja ulinganifu. Modeli nyingi zina nyuso zote kwenye mhimili mmoja, wakati jicho halina mhimili wa namna hiyo. Liou na Brennan walisogeza mboni milimita 0.5 kuelekea puani na kuingiza mwanga kwa digrii 5, kwa kuwa sehemu tunayotazamia haiko nyuma ya katikati ya lenzi. Fanya hivyo kwenye modeli yako, retina ikiwa bado kwenye 24.2, au kwenye urefu wa modeli uliyochagua, kisha pima doa upya. Likitoka limevutika upande mmoja kama mkia, usilinyooshe.